Uzi kwa mafundi rangi na wenye magari wa Mtwara na Lindi: chumvi tunayoifungia chini ya praima

Fundi wa Mikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Naandika uzi huu kwa mafundi bodi na mafundi rangi wenzangu wa pwani hii ya kusini, na pia kwa wenye magari waliotulipa fedha zao, kisha masika moja tu ikapita wakaona rangi inatutumka kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Jambo ninalotaka kulisema ni moja. Kwa hapa kwetu, kinachoua kazi mara nyingi si rangi wala si praima hafifu (praima ni ile rangi ya msingi inayotangulia), bali ni chumvi tunayoifungia chini ya praima kwa mikono yetu wenyewe, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo huingia kupitia maji tunayopigia msasa.

Nililijua hilo kwa kuchelewa. Mwaka juzi nilipokea pikapu iliyokuwa ikibeba chumvi kutoka kwenye mashamba ya chumvi ya upande wa Lindi. Milango miwili ilikuwa imeliwa na kutu kwa chini, na bodi ya nyuma ilikuwa imetoboka pembeni. Nilikata, nikachomelea bati jipya, nikapaka pati ya kusawazisha bati, nikapiga msasa wa maji hadi kiganja hakikuweza kutambua pati inaishia wapi na bati linaanzia wapi, kisha nikapiga praima, rangi na klia ya juu isiyo na rangi. Gari lilitoka linang'aa na mwenyewe akaondoka ameridhika. Baada ya miezi mitano alirudi nalo. Hakuja na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Chini ya mlango wa dereva, eneo la upana wa viganja viwili, palikuwa na malengelenge mengi madogo, makubwa yake kama punje ya mtama. Nilitoboa moja kwa ncha ya wembe. Likatoka tone la maji lenye wekundu kidogo wa kutu. Nilililaza juu ya kioo cha mbele, jua la saa saba likalikausha, na mahali pake pakabaki duara jeupe. Nikaenda kwenye ndoo yangu ya msasa, ambayo nilikuwa nikiijaza kwenye kisima kifupi kilicho karibu na ufuko, nikachovya kidole na kudondosha tone la pili kando ya lile la kwanza. Nalo lilikauka likaacha duara jeupe. Nilisimama pale kwa muda mrefu nikiyatazama yale maduara mawili.

Sababu yake ni hii. Utando wa rangi, hata ulio mzuri, hauzuii maji kabisa. Mvuke wa maji huupenya polepole. Chini yake kukiwa safi, mvuke huingia na kutoka bila kuleta madhara makubwa. Lakini pakiwa na chembe za chumvi, chembe hizo huyavuta maji na kuyashikilia, kama vile chumvi ya jikoni inavyolowa ndani ya kopo wakati wa mvua ingawa hakuna aliyeimwagia maji. Maji hujikusanya, yakasukuma utando juu, na hilo ndilo lengelenge. Hapo chuma kimepata maji, kimepata hewa, na kimepata chumvi inayorahisisha mkondo mdogo wa umeme kati ya sehemu moja ya bati na nyingine, nao mkondo huo ndio kutu inavyofanya kazi. Ubaya zaidi ni kwamba chumvi haimaliziki katika kazi hiyo. Hubaki palepale ikiendelea.

Sasa tujiulize kwa nini rangi ya kiwandani hudumu. Kiwandani bodi nzima huoshwa, hupitishwa kwenye dawa ya fosfati, kisha huzamishwa kwenye tangi la praima huku umeme ukipitishwa, na umeme ule huivuta praima hadi ndani ya mikunjo ambako bunduki ya rangi haiwezi kufika. Njia hiyo ilienea viwandani tangu miaka ya 1970. Utando wake ni wa takriban maikroni 20, yaani mwembamba kuliko unywele, lakini umeshikana na bati lililo safi. Kwa hiyo gari lililotumika kutoka Japani likifika karakana na praima yake ya kiwandani bado imeshika, tusiiondoe kwa kutaka tu kuona chuma kinang'aa. Ikwangue kwa msasa laini ili praima mpya ipate pa kushika, kisha iache. Hatuna tangi hapa Mtwara la kuirudisha.

Palipo na kutu ndipo penye kazi yenyewe, na hapo utaratibu ninaoufuata sasa umebadilika sana.

Kwanza naosha kabla ya kugusa msasa. Tulizoea kuanza na msasa na kuosha baadaye, lakini ukisugua bati lenye chumvi unaishindilia chumvi ndani ya mikwaruzo. Naosha kwa sabuni, nasuuza kwa maji ya bomba au maji ya mvua niliyokinga kwenye pipa, na nalipatia muda wa kutosha eneo la chini ya milango, ndani ya madigadi, na mikunjo ya bati ambako vumbi la barabara ya Masasi hugandamana na unyevu wa bahari likawa kama udongo wa kukandika.

Halafu kutu. Brashi ya waya peke yake hudanganya, kwa sababu hung'arisha mgongo wa bati na kuacha vijishimo vyake vyeusi, na vile vijishimo ndivyo ghala la chumvi. Natumia msasa mkavu wa namba 80 kwenye mashine, kisha dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi kwa brashi ndogo, shimo kwa shimo, nasuuza kama kopo linavyoelekeza, na nakausha hapo hapo kwa kitambaa na upepo wa kompresa. Baada ya hapo nafanya jambo ambalo wateja huliona kama uzembe: nakaa kando nikitazama bati tupu kwa karibu saa moja. Vijishimo vyenye chumvi iliyobaki hugeuka rangi ya kahawia mapema kuliko bati linalovizunguka. Vikigeuka, narudia dawa na kusuuza. Bati likiwa limetoboka au limebaki jembamba kama karatasi, hakuna dawa, ni kukata.

Bati linapotulia, nalifuta kwa dawa ya kuondoa mafuta, nikitumia vitambaa viwili vyeupe, kimoja chenye dawa na kingine kikavu kikikifuata kabla dawa haijajikausha yenyewe. Thina ya bei rahisi siitumii hapa, kwa sababu mara nyingi huacha mafuta yake. Kuanzia hapo bati haliguswi kwa kiganja kitupu. Jasho nalo ni maji ya chumvi, na nimewahi kuona alama ya vidole vinne ikichomoza chini ya praima ya boneti, wazi kabisa, kama mtu aliyetia sahihi.

Praima ya kwanza juu ya chuma kitupu, kwa pwani hii, nimeamua iwe ya epoksi, ile inayochanganywa na hadina yake, yaani dawa ya kuifanya ikauke na kuwa ngumu. Hupunguza sana kupenya kwa maji, hushika vizuri, na pati inaweza kukaa juu yake. Wengi wetu tumezoea kupaka pati moja kwa moja kwenye bati. Kazi hiyo inaweza kudumu bara, lakini pati hunywa maji kama sifongo, na ikiwa chini yake ni chuma kitupu, maji hayo yote hufikia chuma. Tabaka mbili za epoksi, pati juu yake ndani ya muda ambao kopo linaruhusu, msasa mkavu, kisha praima ya 2K (nayo ya kuchanganywa na hadina) ya kujaza mikwaruzo, ndipo rangi. Vipimo vya mchanganyiko ni vya kila kopo na kopo lake. Usichanganye kwa macho, tumia kikombe chenye alama. Epoksi nyingine huhitaji kukaa baada ya kukorogwa kabla ya kupulizwa, na zilizo nyingi hazipendi baridi wala bati lenye umande.

Kuhusu saa ya kupuliza, nina msimamo. Asubuhi na mapema bati lina umande hata kama huuoni. Kanuni ya wapaka rangi wa vyuma ni kwamba joto la bati lizidi kiwango cha umande (joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka umande) kwa nyuzi 3 angalau, na unyevu wa hewani usizidi asilimia 85. Alasiri upepo wa baharini hushika kasi na huja na chumvi yake, hasa kwetu Mikindani na kule Shangani. Mimi hupuliza kati ya saa nne na saa saba, kivulini, turubai likiwa limefungwa upande wa bahari. Tangi la kompresa nalimwaga maji kila asubuhi, na siku za mvua mara mbili, kwa sababu hewa yetu nzito hugeuka maji ndani ya tangi, na maji hayo hutoka na praima.

Nitaishia hapa kwanza. Maswali na mabishano nayapokea.

Mwalimu wa kemia, Nachingwea

Ndugu Fundi, nimekusoma kwa makini na nakubaliana na hitimisho lako, ila naomba nirekebishe ushahidi wako wa maduara mawili. Maji ya visima vya pwani, ambako miamba ya matumbawe ni mingi, huwa pia na chokaa iliyoyeyuka, na chokaa nayo huacha duara jeupe. Kwa hiyo duara peke yake halithibitishi kwamba ni chumvi ya bahari. Hata hivyo hoja yako haianguki, kwa kuwa kitu chochote kilichoyeyuka kwenye maji, kikibaki chini ya utando, huvuta maji. Tofauti ni kwamba kloridi, iliyomo kwenye chumvi ya bahari, huchokonoa chuma kuliko vingine vyote. Kwa kazi yako jibu linabaki lile lile: maji yasiyoacha alama kwenye kioo.

Fundi wa Mikindani

Mwalimu, nashukuru sana, na marekebisho nimeyapokea. Kipimo chako cha mwisho nakichukua kama kilivyo, kwa sababu fundi yeyote anaweza kukifanya: dondosha tone kwenye kioo, lisubiri likauke, na likiacha alama maji hayo yasiguse bati.

Fundi mwenzenu, Lindi mjini

Mkuu, kwa heshima, hapa unatubebesha mzigo. Nimepiga msasa wa maji kwa miaka mingi na wateja wangu wanarudi kwa kuridhika. Msasa mkavu unakula karatasi, unajaza vumbi karakana nzima, na mteja wa Lindi hatakulipa siku mbili za ziada kwa kitu asichokiona. Epoksi nayo bei yake unaijua. Je, unataka tuwaambie watu wa kipato cha kawaida waendeshe magari yenye mabaka?

Fundi wa Mikindani

Kaka, hoja ya fedha ni ya kweli na siikwepi, maana nami nalipa kodi ya banda. Lakini tutenganishe mambo. Sijapinga msasa wa maji popote na siku zote. Praima ya 2K ikishakauka sawasawa, msasa wa maji wa namba 600 hadi 800 kabla ya rangi ni kazi nzuri, mradi maji hayana chumvi, na gari lisuuzwe na kukauka kabisa, hasa kwenye mikunjo. Ninachopinga ni msasa wa maji juu ya chuma kitupu na juu ya pati. Pati ikinywa maji ya kisima leo asubuhi na ukaifunika kwa praima leo jioni, umeyafungia ndani.

Vumbi nalo lina hatari yake, nakubali. Vaa barakoa, fagia kwa kitambaa chenye unyevu, na piga msasa nje ya banda. Na kwa kuwa umetaja gharama, nilifanya hesabu ya ile pikapu: kurudia mlango mmoja bure kuliniondolea faida yote ya gari zima, bado sijahesabu wateja ambao huenda waliyaona malengelenge yale wakaamua kwenda kwingine. Epoksi si lazima ipakwe gari zima. Ipake palipofika chuma na kuvuka kidogo pembeni. Penye praima ya kiwandani iliyo nzima hauihitaji.

Mwanafunzi wa VETA

Shikamoo fundi. Naomba kuuliza kuhusu praima yenye asidi, ile nyembamba ya rangi ya kijani au manjano inayong'ata bati. Je, inaweza kutangulia, halafu epoksi ifuate juu yake, ili tupate ulinzi mara mbili?

Fundi wa Mikindani

Marahaba mwanangu. Swali zuri, na hivyo vya ulinzi mara mbili ndivyo watu wengi wanavyofikiri. Praima yenye asidi ni nzuri kwa bati tupu lililo safi na hata kwa alumini, lakini hupulizwa nyembamba sana, karibu maikroni 10, kiasi kwamba bado unaona bati chini yake. Lakini asidi yake ikikutana na epoksi huweza kuvuruga kukauka kwa hadina, ndiyo maana watengenezaji wengi wanakataza epoksi juu yake. Pati vilevile isipakwe juu ya praima hiyo, kwani asidi huzuia pati kukomaa pale zinapogusana, nayo huja kubanduka kama kigaga. Chagua njia moja. Ukianza na praima yenye asidi, ifunike kwa praima ya 2K siku hiyo hiyo. Ukianza na epoksi, hauna haja ya ile ya asidi.

Na kwa kuwa wewe bado kijana, nisikilize kwa hili. Hadina za 2K zina kemikali inayoitwa isosayaneti, ambayo huathiri mapafu na inaweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Tafuta barakoa yenye vichujio vya kemikali, ibadilishe vichujio kwa wakati, vaa glovu, na usikubali fundi mkuu yeyote akuambie kwamba wao walikuwa wanapuliza hivi hivi.

Mama mwenye bajaji, Mtwara mjini

Kaka fundi, nashukuru kwa elimu hii. Nina bajaji inayobeba abiria wa kivuko cha Msanga Mkuu, kwa hiyo inashinda karibu na maji kutwa nzima. Kutu imeanza chini ya sakafu na kwenye pembe za madigadi. Fedha ya kupaka nzima sina kwa sasa. Naanzia wapi?

Fundi wa Mikindani

Dada yangu, anza na maji ya bomba leo jioni. Dereva wako aioshe kwa chini, siyo ubavuni tu, kila anapomaliza kazi, hata kama ni ndoo mbili. Hiyo pekee itapunguza kasi ya kutu, na haigharimu fundi.

Kisha shughulikia mabaka madogo madogo. Lisilozidi kiganja, likwanguliwe hadi chuma, lipakwe dawa ya kutu, lisuuzwe, likaushwe, kisha lipakwe epoksi kwa brashi, mara mbili. Haitapendeza kama ya kupulizwa, lakini kwa chini ya sakafu hakuna anayetazama. Juu yake kwa chini paka ile lami nzito ya kuzuia mawe, ila tafadhali isipakwe juu ya kutu. Nimeona nyingi zilizopakwa hivyo. Lami hukaa juu kama kifuniko, na chini yake kutu huendelea kula bila kuonekana hadi sakafu inaporuhusu mguu kupita.

Mwenye gari, Lindi

Mimi si fundi. Nikipeleka gari langu kwa mtu, nitajuaje kama amefuata haya? Likishapakwa rangi yote yanaonekana sawa.

Fundi wa Mikindani

Kweli, yakishafunikwa yanaonekana sawa, ndiyo maana nakushauri upatane naye kabla. Mwambie unataka kuliona gari mara mbili kabla ya rangi: likiwa chuma kitupu, na likiwa na praima ya kwanza. Fundi mwenye kazi safi hatakasirika. Uliza maji ya msasa yanatoka wapi, na uone ndoo. Uliza pia gari litakaa chuma kitupu kwa muda gani. Akikuambia atalikwangua leo na kulipiga praima wiki ijayo, mwambie asubiri kulikwangua hadi wiki ijayo. Katika hewa yetu, bati tupu likilala usiku mmoja tu linaamka limevaa wekundu.

Kwa gari unalotaka kununua, chukua sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa laini, uipitishe chini ya milango na kuzunguka madigadi. Ikishika kwa nguvu ubavuni na kulegea chini, hapo pana pati nene, na chini ya pati hiyo usitegemee epoksi.

Jambo la mwisho ambalo mafundi tunalisahau ni mashimo madogo yaliyo chini kabisa ya mlango. Yamewekwa ili maji ya mvua yanayopita pembeni ya kioo yapate pa kutokea. Tukipaka pati na praima bila uangalifu tunayaziba, na maji hubaki ndani ya mlango yakila bati kwa ndani, upande ambao bunduki yetu haikufika. Nilipolifungua upya lile pikapu nilikuta mawili kati ya matatu yamezibwa na pati yangu mwenyewe. Siku hizi nikimaliza kupiga praima nayazibua kwa waya, napuliza nta ya kuzuia kutu kwa ndani kupitia mrija mrefu, kisha namimina kikombe cha maji juu ya kioo na kuinama kutazama kama yanatoka chini. Yasipotoka, gari haliondoki.